Walituambia Betri Ikiimba Imeshiba

Enzi zetu, wakati nguzo za umeme zilikuwa zimeishia barabarani na kutuacha sisi wa ndani na vibatari vyetu, betri ya redio haikutupwa ilipoishiwa nguvu. Iliuguzwa. Ilitolewa redioni kwa vidole viwili, ikapanguswa kwa upindo wa leso, ikapandishwa juu ya mabati ya ghala kuota jua tangu asubuhi hadi jua lilipoanza kuegemea upande wa ziwa. Mvua ikinyesha, ililazwa kwenye majivu ya uvuguvugu kando ya mafiga. Ikikataa kupona, ilichemshwa kwenye sufuria kuukuu. Ikikataa hata hapo, ilitobolewa kwa msumari na kunyweshwa maji ya chumvi. Kwa kawaida ilirudisha roho kidogo, redio ikakohoa, na nyumba nzima ikanyamaza kusikiliza.

Juma lililopita, katika kundi la simu la sisi tuliosoma pamoja shule ya msingi, mwenzetu mmoja alituma picha ya betri sita kubwa zimepangwa juu ya bati lenye kutu. Chini yake aliandika, "Kama hujawahi kuanika mawe ya redio, wewe ni mtoto wa juzi." Watu wazima wenye vyeo, vipara na shinikizo la damu wakamiminika kucheka. Mmoja akakumbuka jinsi kaka yake alivyokuwa akiziuma kwa magego ili zipate nguvu. Mwingine akaandika kwamba vijana wa siku hizi, simu ikibaki na asilimia kumi, hutafuta soketi kama mtu anayetafuta choo. Hilo la mwisho ni kweli, nami nina ushahidi nyumbani kwangu. Lakini sikucheka.

Sikucheka kwa sababu mdogo wangu Awuor alipoteza jicho la kushoto kwa betri kama hizo, akiwa na umri wa miaka minane. Kwa muda wote tangu siku ile, nyumbani kwetu jambo hilo limeelezwa kwa sentensi moja: Awuor alichezea moto. Awuor hakuchezea moto. Nilikuwepo, nilikuwa na miaka kumi na miwili, na mikono yangu pia ilikuwa kazini. Mnisamehe basi, wenzangu wa rika langu, ikiwa kumbukumbu hizi zitakuwa na uchungu kuliko mlivyozoea.

Nianze na redio yenyewe. Ilikaa juu ya kabati sebuleni kwetu, si mbali na Rangwe, ikiwa imevikwa kitambaa cheupe ambacho mama alikifuma mwenyewe kwa uzi na sindano, kana kwamba ni bibi harusi. Haikuwa redio ya muziki. Baba, ambaye alikuwa fundi cherehani kwenye baraza ya duka moja kule Rodi Kopany, alitukariria kila siku maneno yaleyale: "Hiyo si ngoma. Hiyo ni barua." Alimaanisha matangazo ya vifo. Kila jioni, kwa Kijaluo, msomaji alitaja majina: fulani wa ukoo fulani amefariki, apewe habari binti yake aliyeolewa mahali fulani, mazishi ni Jumamosi. Hapakuwa na simu kwetu. Barua ilichukua majuma. Mtu aliyeolewa mbali angeweza kukosa mazishi ya mzazi wake kwa sababu tu betri ilikufa siku ya Jumatano, na aibu ya kufika baada ya kaburi kufukiwa haikuoshwa kwa urahisi.

Mama alikuwa ameolewa mbali. Kwao ni Migori, upande wa kuelekea mpaka wa Tanzania, ambako mama yake mzazi, dani yetu, aliishi na mwanawe wa kiume wa mwisho. Kila msomaji alipotamka neno Migori, mama aliacha alichokuwa akifanya. Kama alikuwa akisonga ugali, mwiko ulisimama wima ndani ya sufuria. Kama alikuwa akipepeta omena, ungo ulitulia magotini mwake. Jina likipita bila kuwa la kwao, alivuta pumzi na kuendelea. Hadi leo nikisikia harufu ya omena waliokauka vizuri, walioshika jua la siku mbili, nauona uso wa mama ukiwa umegeuzwa nusu kuelekea mlango wa sebule.

Nimesema mlango wa sebule, maana ndani ya sebule hatukuruhusiwa wakati wa matangazo. Wanaume walikaa kwenye viti. Mama na sisi wasichana tulisikilizia jikoni. Lakini kuuguza betri ilikuwa kazi yetu, kwa sababu betri ziliuguzwa jikoni na jikoni palikuwa petu. Awuor na mimi tulizipanga kama wagonjwa wa wodi: wazima huku, wagonjwa kule, mahututi karibu na moto. Tulizigeuza kama mtu anavyogeuza mahindi ya kuchoma. Tulijua ipi inatoa jasho la chumvi na ipi imevimba. Tulilamba vidole baada ya kuzishika ili tuonje kama zina nguvu. Hakuna aliyetuambia tunawe mikono, na wakati mwingine tulitoka hapo moja kwa moja kwenda kuchota nyoyo kwa mkono, mahindi na maharage ya moto, tukapuliza na kula.

Shuleni mambo yalikuwa hayohayo. Ijumaa ya mwisho wa muhula, kila mwanafunzi aliagizwa kuleta betri mbili zilizokufa. Tulizipasua kwa mawe, tukatoa unga mweusi wa ndani, tukauchanganya na mkaa uliotwangwa na majani, kisha tukaupaka ubao kwa viganja mpaka ukang'aa kama uso wa mtu aliyejipaka mafuta. Vile vijiti vyeusi vya katikati tulivitumia kuchorea uani mistari ya kati, ule mchezo wetu wa mpira wa kurushiana. Tulirudi nyumbani weusi hadi viwikoni, tukicheka, na mwalimu akatusifu kwa bidii. Naikumbuka furaha ile, na siikani. Ninachokasirikia ni kwamba mtu mzima mwenye cheti cha ualimu alitutazama tukifanya hivyo, akiwa amesimama mbali kidogo ili asichafue shati.

Mwaka nilipotimiza miaka kumi na miwili, katikati ya miaka ya tisini, baba mdogo Oloo alirudi kutoka kisiwa cha Remba. Alikuwa mdogo wa baba, mtu wa maneno matamu, aliyewahi kuvua mbuta na omena na watu wa kila kabila, na aliyerudi akizungumza Kiswahili kuliko mtu yeyote mtaani kwetu. Pamoja na Kiswahili alileta maarifa. Alisema kule kisiwani hakuna anayehangaika na majivu wala jua. Unachukua betri ya gari, unaunganisha nyaya mbili, unazipanga betri za redio mstari mmoja ndani ya gongo la mkonge lililopasuliwa na kuchimbwa kama mtumbwi, unagusisha waya huku na waya kule. Zinapata joto. Baadaye zinaanza kutoa sauti nyembamba.

"Hapo zinaimba," alituambia. "Betri ikiimba imeshiba."

Aliweka meza yake siku za soko pale Rodi Kopany, karibu na baraza ya baba, na watu wakapanga foleni na betri zao mifukoni. Zilirudi zikiwa na nguvu ya jioni mbili, pengine tatu. Baadhi zilirudi zikivuja, lakini lawama ilikwenda kwa betri, haikwenda kwa Oloo. Alikuwa msaada. Alikuwa mtu aliyewarudishia watu habari za ndugu zao waliokufa, na kwa hilo walimheshimu kuliko walivyomheshimu katekista.

Siku moja ya soko nilikaa karibu na meza yake nikiwa na betri mkononi, nikasoma maandishi madogo ya Kiingereza yaliyozunguka kitako chake. Nilikuwa darasa la sita na Kiingereza changu kilinitosha.

"Baba mdogo, hapa wameandika isichajiwe tena. Na isitiwe motoni. Inaweza kupasuka."

"Wapi?"

"Hapa."

Aliichukua, akaigeuzageuza kana kwamba anatafuta kupe, kisha akawageukia wateja wake. "Mmesikia huyu profesa? Wewe ukitengeneza sufuria utaandika, pika mara moja halafu utupe? Hawa wanaandika hivyo ndio tununue zingine!"

Watu walicheka sana. Nami nilicheka, kwa sababu lilikuwa jibu la akili, na ndani yake mna ukweli fulani. Mimi sikujua namna ya kutenganisha ukweli wake na upumbavu wake. Maneno yale yalikuwa ya Kiingereza, ya herufi ndogo kama mayai ya chawa, kwenye kitu kilichouzwa hadi kwenye vijiji ambako mtu mmoja kwa kumi hangeweza kuyasoma. Hayakuandikwa kwa Kiswahili. Hayakuandikwa kwa Kijaluo. Aliyeyaandika alijua kwamba betri ni hatari na akaona inatosha kuwaambia wasiokuwa wanunuzi. Hilo nalo limo katika hasira yangu.

Kisha msafiri mmoja aliyetoka Migori akapitia kwetu na habari kwamba dani amelala, hali chakula, anaita watu waliokwisha kufa kwa majina. Baba alisema mama asubiri, kwani mtama ulikuwa haujapaliliwa. Tangazo likitoka atakwenda. Tangu hapo mama aliishi kwa ajili ya redio ile. Nayo, kama kwa makusudi, ikaanza kufifia. Siku ya pili msomaji alisikika kama mtu anayezungumza kutoka ndani ya gunia. Siku ya tatu mama alisimama mbele ya Oloo, shemeji yake, akiwa na jembe begani.

"Oloo," alimwambia, "ifanye hiyo redio izungumze leo. Nakuomba kama ndugu yangu."

"Nenda shambani, shemeji. Ukirudi itakuwa inapiga kelele mpaka uikataze."

Ilikuwa mchana mweupe, wala si siku ya soko. Oloo alileta betri yake ya gari hadi mlangoni mwa jikoni, akapanga betri nne za redio ndani ya gongo la mkonge, akatuita. Alitaka mtu wa kushikilia waya huku na mtu wa kushikilia waya kule, kwani nyaya hazikukaa zenyewe. Awuor alifurahi. Alikuwa mtoto wa kutaka kujua, aliyefungua kila kitu kilichofungika, na aliyeweza kuhesabu kwa Kiingereza hadi mia akiwa darasa la pili. Alipiga magoti upande mmoja, mimi upande mwingine. Oloo alikaa juu ya kinu kilichogeuzwa, akisokota sigara, hatua nne kutoka tulipokuwa. Sasa najua kwa nini alikaa umbali ule. Alikwisha kuziona betri zikipasuka kule kisiwani.

Waya ulipata moto vidoleni mwangu.

"Baba mdogo, inachoma."

"Ikipata joto ndio inakula. Shika na leso. Ukiachilia sasa, tunaanza upya."

Nikashika kwa leso. Nilikuwa mtoto mwenye adabu, na adabu kwetu ilimaanisha kwamba mtu mzima akisema shika, unashika. Baada ya muda sauti ikaja, nyembamba, kama omena mmoja aliyetiwa kwenye mafuta ya moto nyumba ya tatu.

"Inaimba!" Awuor alipaza sauti. "Baba mdogo, inaimba!"

"Wacha ishibe."

Awuor akainama ili aisikie vizuri. Alitega sikio kwanza, kama mtu anayesikiliza mlangoni mwa wenyewe. Kisha akageuza uso ili aone sauti inatokea wapi.

Mlio wake haukuwa mkubwa. Kizibo cha soda kinaweza kutoa mlio mkubwa zaidi. Niliona uji mweusi umeruka, nikaona uso wa mdogo wangu umegeuka mweusi upande mmoja, na ndipo nikamsikia. Sitaeleza alivyolia. Nitaeleza alichokifanya Oloo, kwa sababu nimekibeba tangu siku ile. Aliruka kutoka kwenye kinu, akamfuta Awuor uso mara moja kwa kitambaa kikavu, akisukuma ule uji ndani zaidi. Kisha akaibeba betri ya gari, nyaya na lile gongo, akaenda kuvificha nyuma ya ghala chini ya mabua. Akarudi. Ndipo akambeba mtoto.

Mama alifika akikimbia, magoti yamejaa udongo. Oloo alimpakia Awuor kwenye baiskeli na mama akaishika ile baiskeli nyuma, wakaondoka nami nikiwafuata mbio hadi zahanati. Muuguzi alikuwa mwanamke wa kutoka mbali, asiyejua neno la Kijaluo. Mama hakujua Kiswahili zaidi ya salamu na bei. Kwa hiyo aliyezungumza ni Oloo, na katika chumba kile waliomwelewa walikuwa wawili, muuguzi na mimi.

"Nini imemchoma?"

"Moto, sista. Alikuwa anachezea makaa."

"Makaa tu? Mbona uso ni mweusi hivi?"

"Masizi, sista. Unajua jikoni za huku."

Muuguzi alinigeukia. "Wewe msichana mkubwa, ulikuwepo? Ni makaa?"

Oloo hakunifinya. Aliweka mkono begani mwangu, mkono mwepesi, kama wa mtu anayepongeza.

"Ndiyo, sista," nikasema. "Ni makaa."

"Anasema nini?" mama akauliza kwa Kijaluo.

"Anasema atapona," Oloo akamjibu.

Muuguzi alimpangusa Awuor, akampaka dawa ya mafuta ya kuungua, akalifunga jicho kwa bendeji safi, nyeupe, iliyokazwa vizuri. Alifanya kazi yake kama alivyoelezwa. Siku ya tatu, bendeji ilipofunguliwa, jicho lilikuwa limekuwa jeupe kama la samaki aliyetolewa kwenye chungu. Tulipofika hospitali kubwa Homa Bay, daktari alilitazama kwa kurunzi, akazima kurunzi, akamuuliza mama mbona alichelewa. Oloo ndiye aliyetafsiri swali lile. Sijui alimtafsiria nini.

Dani alifariki juma lililofuata. Habari zililetwa na mpwa wa mama aliyekuja kwa baiskeli. Redio ilikuwa kimya siku nzima ile, na hakuna aliyekumbuka kuitazama.

Darasani Awuor aliketishwa nyuma, kwa kuwa watoto wa mbele walisema jicho lake linawatisha. Kutoka nyuma, kwa jicho moja, hakuuona ubao vizuri. Waliokuwa wakimwita hodari wakamwita Kurunzi Moja. Alipofika darasa la saba aliacha shule, na nyumbani hapakuwa na aliyemwuliza mara mbili, kwani mimi nilikuwa nimefaulu na nilihitaji sare ya sekondari. Baba alisema kwa wageni, "Huyu mdogo alichezea moto, lakini mkubwa ana kichwa." Alikuwa akinisifu. Naye Oloo, ambaye hakurudi tena na meza yake sokoni, alininunulia sanduku la bati la kwenda nalo bwenini. Nililipokea kwa mikono miwili, nikapiga goti.

Nikiwa chuo cha ualimu, mkufunzi wa sayansi alipasua betri kavu mbele yetu na kutuonyesha sehemu zake. Alitufafanulia kwamba ganda la zinki huliwa kadiri betri inavyotumika, mpaka linabaki jembamba kama karatasi. Kwamba jua na majivu huipa betri nguvu ya dakika chache tu. Kwamba ukisukuma umeme mwingi ndani yake kutoka betri ya gari, gesi hujaa mahali pasipo na mlango. Ile sauti nyembamba, akasema, ni gesi inayotafuta pa kutokea. Betri za aina hii hazikuumbwa kuchajiwa. Zipo nyingine zilizoundwa kwa kazi hiyo, na huwa na chaja yake.

Niliinua mkono. Nikauliza, ule uji ukiingia jichoni, mtu afanye nini?

"Maji," akajibu bila kufikiri, kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Maji safi, mengi, papo hapo, robo saa au zaidi bila kuacha, huku kope zimefunguliwa. Kisha hospitali, na uwaambie ni nini kilichoingia. Usifute. Usipake mafuta. Usifunge."

Alirudi ubaoni. Mimi nilitoka nje bila ruhusa na kusimama nyuma ya bweni. Kutoka mlango wa jikoni kwetu hadi mtungi wa maji ni hatua sita. Mtungi ule ulikuwa umejaa. Niliujaza mwenyewe asubuhi ile. Na hata kule zahanati, nje ya dirisha, palikuwa na tangi la maji ya mvua lenye bomba. Neno moja kutoka kinywani mwangu, neno betri, ambalo hata halihitaji Kiswahili kizuri, pengine lingemfikisha mdogo wangu chini ya bomba lile.

Tangu hapo nimefundisha sayansi, na kila mwaka nimewaambia wanafunzi wangu: betri iliyokwisha imekwisha, usiichemshe, usiitoboe, usiiunganishe na chochote, ikivimba au ikivuja usiiguse kwa mkono mtupu. Wanafunzi hunitazama kama ninayewaonya kuhusu mamba nyumbani mwao. Wao wana paneli za sola juu ya paa na taa zinazojichaji. Wengine hawajawahi kushika betri ya redio. Wanaposahau daftari nyumbani husingizia mvua, na wanapoulizwa swali hunijibu kwa swali. Nami nimeyasema mengi juu ya kizazi hiki ambayo leo nayarudisha kinywani.

Desemba iliyopita ukoo ulikutana nyumbani. Mama na baba wamekwisha kutangulia. Mkubwa wa boma sasa ni Oloo, mzee wa fimbo na kofia, anayepewa kiti chenye mto. Baada ya chakula vijana walimzunguka, naye akaanza kuwasimulia jinsi alivyoleta "umeme" wa kwanza Rodi Kopany. Aliigiza foleni ya wateja. Aliigiza ile sauti kwa midomo, psssi, na vijana wakagaagaa kwa kicheko. "Sisi tulikuwa wabunifu," akawaambia. "Nyinyi mnajua kubonyeza tu." Awuor alikuwa akipita na birika la maji ya kunawa. Alicheka pia, kichwa kikiwa kimeinama upande, namna yake ya kuficha jicho.

Nikasema, "Baba mdogo, waambie na ya jicho."

"Jicho gani, mwalimu?"

"La Awuor. Waambie ulimwambia nini muuguzi."

Kicheko kikakatika. Oloo akapangusa midomo. "Nyathina, mwanangu, hayo ni ya zamani. Mtoto alichezea moto."

"Nilikuwa nimeshika waya wa pili, nikakwambia inachoma."

Awuor aliliweka birika chini. Alijua betri ilipasuka. Hilo hakuna angeweza kumsahaulisha. Hakujua yaliyosemwa pale zahanati, kwa kuwa alikuwa akilia, na hakuwa amejifunza Kiswahili bado. Nilimweleza hapo mbele ya watu wote, kwa Kijaluo, neno kwa neno, pamoja na neno langu mwenyewe. Nilimweleza ya maji. Hakunitazama. Alimtazama Oloo.

"Ulisema makaa?"

Mzee alivua kofia, akaiweka gotini. "Chifu alikwisha kunionya kuhusu ile meza," akasema hatimaye. "Niliogopa. Nilidhani kuungua ni kuungua tu. Sikujua kama kuna tofauti."

"Na baada ya kujua?"

Oloo aliivaa tena kofia yake, akaishika fimbo kama anayetaka kuondoka. Naamini kwamba kama singezungumza angezikwa kwa heshima zote, hotuba tatu na visa vya kuchekesha juu ya betri. Awuor hakulia wala hakumtukana. Alinigeukia na kuniambia, kwa sauti ya chini ambayo ilinichoma kuliko matusi, "Wewe ulijua tangu chuoni." Nikamwambia ndiyo. Hajanisamehe, na sijamwomba afanye haraka.

Mnauliza, wenzangu, ni nini tulichopoteza kutoka enzi zile. Tulikuwa na heshima, mnasema. Ni kweli, tulikuwa nayo. Tulipiga goti, tulishika waya tulioambiwa tushike, na tulisema makaa tulipotakiwa kusema makaa. Naikumbuka harufu ya majivu, joto la bati, na mama akinyamazisha mwiko ndani ya ugali, na moyo wangu hurudi kule bila ruhusa yangu. Lakini heshima ile ilikuwa na bei, na walioilipa hawakuwa watu wazima.

Katika kikao kile cha Desemba, binti wa mwisho wa Awuor, Atieno, mwenye miaka kumi, alikuwa ameketi mkekani miguuni pa Oloo. Ni mmoja wa hawa watoto tunaowalalamikia, wasiojua kunyamaza wakubwa wanapozungumza. Aliinua uso.

"Babu," akamwuliza, "kama ilikuwa inachoma, kwa nini hukuishika mwenyewe?"

Mashangazi watatu wakamrukia kwa pamoja. "Nyamaza! Unazungumza na nani hivyo?" Mmoja alikwisha kuinua mkono. Enzi zetu swali kama hilo lingezimwa kwa kofi kabla halijafika mwisho, na aliyeuliza angepelekwa jikoni.

Nilimvuta Atieno karibu nami, nikamwambia alirudie, na safari hii kwa sauti kubwa zaidi, maana babu yake siku hizi hasikii vizuri.